Mgeni wa Sayari Aliyekosea Salamu

Kiumbe kutoka sayari nyingine alijuaje Kidawida, lugha ya kwetu Taita?

Nililala na swali hilo na kuamka nalo mwaka mzima nilipokuwa darasa la nne mjini Voi. Nilimuuliza mwalimu wa sayansi, akaniambia nikae. Nilimuuliza mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, akasema Mungu anajua lugha zote, jambo ambalo halikunisaidia kwa sababu sikuwa nimeuliza kuhusu Mungu. Nilimuuliza Mama akiwa anachambua mchicha mlangoni, naye akanipa jibu lake la siku zote: "Wakesho, maswali yako yatakumaliza ulimi kabla hujakua."

Najua sina mvi za kuniruhusu kusema "enzi zetu". Wazee wakinisikia watacheka, na wana haki. Lakini sisi tuliokulia Voi kabla kila mtoto hajawa na sinema yake mfukoni tulizeeka ghafla, bila taarifa. Juzi nilimwonyesha mpwa wangu jinsi tulivyokuwa tukicheza blada, kamba ya mpira ikipanda kutoka kwenye vifundo vya miguu hadi kiunoni, kisha kwapani. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mifupa ya makumbusho. "Sasa anti," akauliza, "mlikuwa mnashinda nini?"

Tulikuwa tunashinda mchana. Hilo ndilo jibu. Mchana wa Voi ulikuwa kitu cha kushindana nacho. Jua lilikuwa linasimama juu ya mtaa wetu wa Kaloleni kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda, upepo wa moto ukavuma kutoka upande wa mbuga, na vumbi jekundu likaingia kwenye soksi, kwenye daftari, kwenye sukari. Soksi nyeupe za shule zilikuwa nyeupe Jumatatu tu. Tulinunua barafu ya ukwaju kwenye karatasi ndefu ya nailoni, tukaing'ata pembeni na kuifyonza hadi ikabaki kipande cheupe kisicho na ladha, na hicho nacho tukakila. Tulikula mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, tukalamba vidole, vumbi na vyote. Hakuna aliyeugua. Au labda tuliugua, tukaambiwa ni malaria.

Na Jumamosi alasiri kulikuwa na video.

Kibanda kilikuwa cha Baba Zuhura, baba wa rafiki yangu, mtu mpole mwenye kofia ya kufuma ambaye asili yake ilikuwa Taveta. Kuta zilikuwa za mabati, paa la mabati, na ndani mabenchi ya mbao yaliyokuwa yakituchana sketi. Paa lile lilikuwa limetoboka kwa misumari kila mahali. Ukiingia kutoka kwenye mwangaza ulipofuka kwanza, kisha taratibu, juu ya kichwa chako, nyota zikaanza kutokea. Vishimo vidogo vya jua, mamia yake, vikitupa vijisarafu vya mwanga kwenye mabega ya watu. Sijawahi kuingia jumba lolote la sinema, hata yale ya Nairobi yenye viti vinavyoegama, lililonifanya nijihisi nimeondoka duniani kama lile banda.

Vijana wa siku hizi wanaangalia filamu zenye maandishi chini. Sisi tulikuwa na Mjomba Maghanga. Alikuwa kaka yake Mama, mwembamba, mvutaji sigara, na kazi yake ilikuwa kuitafsiri filamu papo hapo. Baba Zuhura alizima kabisa sauti ya televisheni, Mjomba akakaa nyuma ya pazia la leso na kipaza sauti chake, akachungulia picha kupitia upenyo, na kumpa kila mtu aliyeonekana sauti, jina na kabila. Polisi walikuwa wa huko, wezi wa kule, na mrembo wa filamu siku zote alikuwa ametokea Mwatate. Kwa viumbe wa ajabu alizungumzia ndani ya jagi la plastiki la kunywea maji, sauti ikatoka nene, ya mbali, yenye mwangwi. Watu wazima walijua ni yeye. Sisi watoto tulijua pia, lakini giza lilipoingia tuliacha kujua.

Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nasumbua. "Mjomba, yule alifungua mdomo mara moja, mbona wewe ulisema maneno mengi hivyo?" Alinijibu huku akiwasha sigara: "Lugha yao ni ya kubana, mjomba. Neno moja lao ni aya yetu nzima."

Sasa nieleze kuhusu Bibi, kwa sababu bila yeye filamu ya yule kiumbe haina maana.

Bibi, mama yake Mama na Mjomba, aliishi Chawia, kule juu milimani, ambako asubuhi ukungu unaingia jikoni bila kubisha hodi. Tulikwenda kwake kila likizo. Ndiye mtu mzima pekee aliyejibu maswali yangu. Kwa nini jogoo hawiki mchana? Kwa nini moshi unamfuata mtu mmoja tu? Hakusema "nyamaza". Aliacha alichokuwa akifanya, akafikiri, akajibu, na asipojua alisema, "Hilo sijui, lakini tulifuate." Tukalifuata. Siku moja tulifuata mstari wa siafu hadi shamba la jirani ili tujue wanakokwenda, tukarudi giza likiingia, na Mama akatugombeza sote wawili kama watoto wa umri mmoja.

Kisha Babu akafa. Baada ya matanga, wanawe waliamua Bibi asibaki peke yake kule juu. Mama akamleta Voi.

Alishuka na sweta lake, na hakulivua. Katika joto lile ambalo mbwa wenyewe walichimba mashimo ya kulalia, Bibi alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wa jikoni akiwa amefunga vifungo vyote hadi shingoni. Na hakusema. Wiki zikapita, ikaisha miezi, hakusema neno. Hakuwa mgonjwa wa koo. Daktari aliangalia akaona kila kitu kiko mahali pake. Asubuhi Mjomba alikuja kumsalimu kwa heshima, na Bibi akaitikia kwa kichwa. Chakula alikigusa, akakisogeza. Mikono yake ikawa myembamba hadi bangili yake ya shaba ikawa inapanda na kushuka hadi kwenye kiwiko.

Majirani walikuwa na maelezo yao, kama kawaida. Mmoja akasema amerogwa. Mwingine akasema ni joto, watu wa milimani huyeyuka. Mama nilimsikia jikoni akimwambia Mjomba, kwa sauti ile wanayoitumia wakubwa wakidhani watoto hawasikii: "Maghanga, huyu mama anatuaga. Asipokula mwezi huu, tutamrudisha Chawia kwa gari la kubebea maiti."

Nilikuwa nikikaa naye baada ya shule. Nilimuuliza maswali yote niliyokuwa nayo, hata yale niliyojua majibu yake, nikitumaini moja litamnasa. Bibi, kwa nini jua la Voi ni kubwa kuliko la Chawia? Bibi, kwani treni ikikutana na ndovu nani hupisha? Aliniangalia kwa upole, macho yakiwa mbali, kama mtu anayesikiliza redio iliyo nyumba ya tatu. Sikulia. Nilijiambia tu kwamba ulimwengu umebaki na maswali mengi na mtu wa kuyajibu hakuna.

Wiki ile Mjomba alikuwa ametundika ubao nje ya kibanda: MGENI WA MAABARA. VICHEKESHO. SAYARI. WANAFUNZI WATUNDU. Jina halisi la filamu lilikuwa la Kizungu, refu na la kuchosha, hakuna aliyelikumbuka. Ilikuwa habari ya wanafunzi wa sekondari huko Ulaya au Marekani, ambao jaribio lao la fizikia lilienda mrama na kumvuta kiumbe kutoka sayari nyingine hadi kwenye kabati la maabara. Ili mwalimu mkuu asimgundue walimvisha sare, kofia, na skafu ya shule iliyofunika uso wake kuanzia puani hadi kifuani. Kiumbe akawa mwanafunzi mgeni. Alikuwa anakula chaki, akiipenyeza chini ya skafu.

Hiyo ya chaki ilitumaliza kabla hatujaiona. Zuhura alikuwa amechungulia wakati baba yake akiijaribu sidii ya filamu, akatuambia sote uwanjani, na shule nzima ikaanza kulamba chaki kwa majaribio.

Jumamosi ilipofika, Mama alikuwa na mkutano wa chama huko Mwakingali. Akaniachia amri moja: "Usimwache Bibi yako peke yake hata kidogo." Nikaitafakari amri ile. Haikutaja mahali. Nikamfunga Bibi kitambaa kichwani, nikamshika mkono, tukaenda naye video.

Nilidhani atakataa. Alinyanyuka tu, akanifuata, kwa namna ile ile aliyokuwa akifanya kila kitu siku hizo, kama nguo inayobebwa na maji. Tulipofika, Baba Zuhura alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka sala ya alasiri. Alimwona Bibi, akavua kofia, akawaondoa vijana wawili benchi la mbele. "Pisheni mama yenu akae." Bibi akakaa chini ya zile nyota za misumari, mwanga ukamdondokea kwenye sweta. Mlango ukafungwa.

Filamu ikaanza. Mjomba alikuwa kwenye ubora wake. Mwalimu mkuu alikuwa na kigugumizi, mpishi wa shule alilalamika kwa lafudhi ya Taveta, na Baba Zuhura akacheka hadi akashika ukuta. Kisha kabati la maabara likafunguka. Moshi wa kijani ukatoka, na ndani yake akasimama kiumbe, mrefu, kijivu, tayari ana ile skafu usoni, kwa sababu sehemu ya kuvishwa, sidii ilikuwa imeiruka. Mikono yake ilining'inia. Akainamisha kichwa kidogo kuelekea kwetu.

Na ndani ya jagi sauti ikasema:

"Kwawuka mana?"

Asiyejua Kidawida nimweleze. Hiyo ni salamu, na ni nzuri, watu wa milimani wanaitumia kila siku. Maana yake, umeamkaje? Ni salamu ya asubuhi. Na wakati huo ilikuwa saa kumi alasiri.

Watoto walilipuka kwa kicheko. Mgeni ni Mdawida! Mtu wa kwetu! Mmoja nyuma akapiga yowe, "Huyo ametoka Wundanyi, mnamwona alivyo na miguu mirefu!" Katikati ya kelele zile nikahisi mkono wa Bibi ukitoka mkononi mwangu. Alikuwa amesimama.

"Saa hizi?" akauliza, kwa Kidawida, kwa sauti kavu iliyokwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Saa hizi mtu mzima anasalimiwa hivyo? Unataka kusema nimelala hadi sasa?"

Kwenye kioo kiumbe alikuwa tayari anafukuzwa na mwalimu mkuu kuzunguka meza za fizikia, chupa zikianguka, lakini jagi halikujishughulisha na mambo hayo.

"Samahani, mama," likasema kwa unyenyekevu. "Huko kwetu jua halitembei. Nimekosea. Nisalimie vipi?"

"Sema, kwasinda mana." Yaani, umeshindaje.

"Kwasinda mana, mama?"

"Ndiyo hivyo." Bibi akatugeukia sisi wa mabenchi. "Na nyinyi mnacheka nini? Mnaijua?"

Kibanda kizima, Wadawida, Wakamba, Wataveta, Baba Zuhura na kofia yake mkononi, tukasema kwa pamoja: "Kwasinda mana!"

Zuhura akaninong'oneza kwa hasira, "Bibi yako ataharibu filamu," lakini mtu nyuma akamzomea, "Mwache mama amfundishe mgeni adabu!" Na kwa kweli filamu haikuendelea tena. Yaani picha ziliendelea. Kiumbe alikula chaki, akacheza mpira wa vikapu, akaingia kwenye dansi ya shule, mabomba ya maji yakapasuka. Lakini katika sauti kulikuwa na mambo mengine kabisa. Bibi alimuuliza mgeni ukoo wake. Mgeni akasema ukoo wake ni mkubwa lakini uko mbali. Bibi akamuuliza kwa nini anakula chokaa kama kuku anayetaga, mgeni akasema hajaonyeshwa chakula kingine. Watu walikuwa wanafuta machozi kwa vicheko.

Kisha ikafika karibu na mwisho. Kiumbe amesimama peke yake mbele ya lile kabati la maabara, wanafunzi wamemzunguka, na msichana mmoja ananyoosha mkono ili amvue skafu. Hapo ndipo sidii ilipokwama. Picha ikaganda, mkono wa msichana hewani, vidole vikiwa vimegusa kitambaa. Baba Zuhura akainuka kwenda kuifuta na shati lake. Jagi likasema polepole, bila mzaha:

"Mama. Mimi nimezoea juu, penye baridi. Nimeletwa huku chini kwenye joto, na niliyekuwa naye hayupo. Nitazoea?"

Nje treni ya mizigo ilikuwa inapita, mabati yakatetemeka, na zile nyota zote mgongoni mwa watu zikatetemeka pia. Bibi alisubiri treni imalize kupita. Alifikiri, kama alivyokuwa akifikiri zamani kuhusu moshi na jogoo.

"Hutazoea," akamjibu. "Lakini utakula. Huwezi kukaa kwa watu bila kula."

Sidii haikuendelea. Baba Zuhura akafungua mlango, jua likatumwagikia, tukatoka tukiwa tumepofuka. Njiani Bibi alitembea mbele yangu. Tulipofika alivua sweta, akalitundika kwenye msumari, akauliza kama kuna muhogo na maharage. Mama aliporudi kutoka chamani alimkuta mama yake ameinamia sufuria, anaponda kimanga cha muhogo na maharage kwa nguvu zote, huku akinijibu kuhusu treni na ndovu. Treni ndiyo inayopisha, alisema, lakini haijui. Mama aliweka mkoba chini mlangoni, akakaa palepale sakafuni.

Usiku ule, tukiwa tunakula, Bibi aliniambia kitu kimoja. "Ukimwona tena yule mgeni wa kabatini, mwambie aache sigara. Kifua chake si kizuri." Nilikaa na hilo pia mwaka mzima. Kwenye sayari zile kulikuwa na tumbaku?

Bibi aliishi miaka mingine mingi, nusu Voi, nusu Chawia, akipanda na kushuka kadiri alivyotaka yeye. Sasa amelala kule juu kando ya Babu. Kibanda cha Baba Zuhura kimekuwa duka la simu. Mjomba Maghanga ni mshereheshaji wa harusi, sauti imekwaruza, lakini bado akishika kipaza sauti watu wanaacha kutafuna. Mwaka jana nilimuuliza kama siku ile alikosea salamu kweli. Alicheka, akakohoa, akasema: "Nilikuwa nimemsalimu sawasawa miezi mingapi? Akaitikia kwa kichwa tu. Nilipowaona mnaingia nikajua dawa. Mama yangu angeweza kuacha nyumba iungue, si salamu iliyopotoka."

Chuo kikuu nilifundishwa kuuliza chanzo cha kila kitu, kazi niliyokuwa nayo tayari bila mshahara. Kwa hiyo niliitafuta filamu ile mtandaoni hadi nikaipata, na kwanza nikasoma waliyoandika wahakiki. Hawakuipenda. Waliona vichekesho vyake vimepoa, maabara ni ya maboksi, na wanafunzi ni wazee wenye ndevu zilizonyolewa asubuhi hiyo. Lakini lawama kubwa zaidi waliielekeza kwa kiumbe. Walilalamika kwamba filamu nzima imejengwa juu ya mhusika ambaye mtazamaji hawezi kujua anataka nini. Watazamaji wa kawaida nao wakaipa nyota chache kuliko paa letu lililotoboka. Nilighadhibika kama mtu aliyetukaniwa ndugu.

Kisha nikaiangalia, nikiwa na mpwa wangu kando. Yeye aliitazama kwa mwendo wa haraka, kidole kwenye simu nyingine, na kabla ya dansi ya shule akatoa hukumu: "Anti, hii iko slow. Hata story haina." Sikubishana. Wahakiki walikuwa sahihi, kila mmoja wao. Siku hizi kijana akiona picha mbovu anapitisha kidole, imekwisha. Sisi tulifungiwa nayo ndani ya banda la mabati, pamoja na bibi zetu, ikatubidi tuiongezee tulichokuwa nacho. Anachoangalia mpwa wangu kimekamilika na kinang'aa, na hakuna anayemsubiri ajibu. Nikaiachia iendelee. Nilitaka kuona pale sidii yetu ilipokwama.

Msichana akanyoosha mkono. Vidole vikagusa skafu. Safari hii picha haikuganda. Skafu ikavutwa, ikadondoka sakafuni pamoja na chaki zote, nzima nzima, na kamera ikamsogelea kiumbe taratibu hadi uso ukajaa kioo.

Chini ya pua ulikuwa laini kama yai. Hakuwa na mdomo.